Okidi si kirukia: jibu kwa mama wa Bombambili



Wiki hii safu yetu ya familia inajibu barua iliyotoka Bombambili, Songea. Aliyeiandika ni mama wa nyumbani, naye ameomba jina lake lisitajwe. Anaeleza kuwa juu ya tawi la mwembe ulioko uani kwake umeota mmea wenye mashina manene yaliyosimama kama vipande vya muwa, na kila mwaka hutoa vishada vya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Mumewe anataka kuukata, kwa kuwa anaamini ni kirukia na hatimaye utaumaliza mwembe. Yeye anaupenda, na jirani zake huja kuutazama.

Mama huyu ana maswali matatu. Je, mmea huo unaudhuru mti? Je, yeye na jirani zake wanaweza kuukuza na kuuzidisha? La tatu ameliandika kwa uzito zaidi: vijana wa ukoo wao kijijini wamekuwa wakipanda milimani kuchimba viazi vya maua ya jamii hiyohiyo na kuwauzia wachuuzi. Awaambie nini?

Mgeni asiyekula cha mwenyeji

Kwa sifa alizozitaja, mmea huo ni okidi, na yaelekea ni ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Wazungu wameipa jina la chui kwa sababu ya madoa yake. Huota katika misitu ya myombo na maeneo mengine yenye joto barani Afrika, na kwa desturi hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa.

Kirukia na okidi hufanana kwa jambo moja tu, nalo ni kuishi juu ya mti wa mwingine. Kirukia hupenyeza mizizi yake ndani ya ubao wa mti na kunyonya maji yake, hata tawi likadhoofu. Okidi hulishika gome kwa nje, basi. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe lililo laini kama sifongo, linalofyonza maji ya mvua na umande kabla hayajakauka. Aina hii aliyonayo mama yetu hufanya zaidi ya hayo: baadhi ya mizizi yake husimama wima na kujisuka kama kiota, majani makavu yakianguka hunaswa humo, yakaoza, yakawa mbolea. Amepanga kwa mwenyeji, lakini chakula chake anajitafutia mwenyewe.

Baba wa nyumba hiyo anaweza kuhakikisha kwa macho yake. Apande atazame pale mmea unapokutana na tawi. Akikuta tawi limevimba na mmea umezama ndani ya ubao, hicho ni kirukia, na afadhali kikatwe. Akikuta mizizi imetambaa juu ya gome bila kuingia ndani, hiyo ni okidi, na mwembe wake hauna la kuhofia.

Kiazi kimoja, mmea mmoja

Okidi ni miongoni mwa koo kubwa kuliko zote za mimea inayotoa maua. Aina zake duniani zimepita 25,000. Zipo zinazokaa juu ya miti, na zipo zinazoota ardhini. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hizi za ardhini ndizo zilizo nyingi kwenye mbuga za majani za milimani. Mvua zikikatika majani yake hukauka, nao mmea hubaki hai chini ya udongo ukiwa kiazi. Mvua zikirejea huchipua tena.

Kiazi hicho ndicho kinachotafutwa. Nchini Zambia hukaushwa, kikatwangwa, kikachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha kikapikwa hadi kiwe kizito cha kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Zamani kilikuwa kitoweo cha vijijini; sasa kinauzwa mijini, na mahitaji yamezidi kile ambacho ardhi ya huko inaweza kutoa. Ndipo wachuuzi walipovuka mpaka. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa viazi vinavyotoka nyanda zetu za juu kwenda Zambia vyaweza kufikia milioni 4 kwa mwaka.

Tatizo liko katika hesabu yake. Anayechuma embe huuacha mwembe umesimama. Anayechimba kiazi cha okidi anauchukua mmea wote, kwa sababu ndani ya kiazi kile ndimo mlimo akiba ya mwaka unaofuata. Wala mbegu hazifidii upesi. Tumba moja la okidi laweza kubeba mbegu maelfu kwa maelfu, lakini kila moja ni ndogo kama vumbi na haina chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane udongoni na kuvu wa aina inayoufaa, naye akailisha. Mbegu nyingi hazimpati. Inayompata huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Kilima kinachochimbwa kila msimu hakipati nafasi ya kujaza pengo.

Serikali iliitambua hatari hii. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 413 katika mikoa ya Njombe na Mbeya, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Hapo zimehesabiwa aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, na inatajwa kuwa ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aidha, okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Hata hivyo hifadhi ni moja na vilima ni vingi. Vilima visivyo na askari vinalindwa na dhamiri ya wanaoishi chini yake.

Vijana waambiwe nini

Tusianze kwa kuwalaumu. Kijana anayechimba viazi milimani anatafuta karo, sabuni na chumvi ya nyumbani. Na kula mmea wa okidi si jambo geni hata katika nchi za Waislamu. Wasomaji waliopata kuishi Misri, Sham au Uturuki wanakifahamu kinywaji cha moto kiitwacho sahlab, kinachonywewa wakati wa baridi. Asili yake ni unga wa viazi vya okidi. Huko nako maua yalichimbwa hata yakawa haba, na Uturuki ikapiga marufuku kuusafirisha unga wake halisi nje ya nchi. Leo sahlab nyingi ya pakiti inafanywa nzito kwa wanga wa mahindi. Watu wameendelea na kinywaji chao, na okidi imepumzika kidogo.

Basi mama yetu asiwaambie kuwa chakula kile ni kibaya. Awaulize swali la hesabu: kilima mlichochimba miaka mitano iliyopita, leo kinatoa viazi vingapi? Wao ndio wanaolijua jibu kuliko mtafiti yeyote, maana kila mwaka wanalazimika kwenda mbali zaidi. Ardhi tumekabidhiwa kwa amana, na mwenye amana huruhusiwa kutumia bila kumaliza. Kutumia mpaka kusibaki kitu ni israfu, hata kama anayefanya hivyo ni maskini, na maskini ndiye wa kwanza kuumia kitu kinapokwisha.

Pia asiwadanganye kwamba maua ya uani yatawapa kesho fedha wanazopata leo. Okidi hukua polepole. Kinachoweza kukaa mahali pa uchimbaji ni kazi inayohitaji msitu uwe umesimama, kama ufugaji wa nyuki, ambao myombo ya Ruvuma inaufaa sana. Katika kikao cha ukoo wazee wakisaidia kununua mizinga miwili au mitatu, maneno yao yatakuwa na uzito kuliko makaripio.

Kukuza okidi kwa ujirani

Sasa tuje kwenye swali la furaha. Ndiyo, mama, unaweza kuukuza, na hali ya hewa ya Songea inakusaidia, kwa kuwa una mvua za miezi kadhaa na kiangazi cha kuupumzisha mmea.

Usiipande okidi hii ya mtini kwenye udongo. Mizizi itakosa hewa na kuoza. Tafuta chungu chenye matundu mengi, ukijaze vipande vya mkaa, magome ya mti na vigae vya matofali. Au uifunge kwa kamba ya katani kwenye gogo lenye gome la kukwaruza, mpaka mizizi ishike yenyewe. Iweke penye mwanga uliochujwa, kama chini ya mwembe. Majani yakiwa ya kijani kibichi kilichokoza na maua hayaji, mwanga ni mdogo. Yakigeuka manjano na kuungua, jua ni kali mno. Wakati wa mvua iachie mbingu kazi hiyo. Wakati wa kiangazi mwagilia asubuhi, mara moja kwa juma au chini ya hapo, na maji yasituame kamwe.

Kuuzidisha, subiri mmea uwe kichaka na uanze kutoa machipukizi. Ugawe kwa kisu safi, kila fungu libaki na mashina yasiyopungua matatu. Mafungu hayo ndiyo yatakayokuwa msingi wa kikundi chako: jirani mmoja fungu moja, naye akikuza atamgawia mwingine.

Nasema kikundi kwa sababu elimu ya okidi haikai vizuri kichwani mwa mtu mmoja. Jirani zetu wa Kenya wana chama cha wapenzi wa okidi, ambacho wanachama wake hukutana, huonyeshana maua na kufundishana. Bombambili inaweza kuanza na kina mama saba, mara moja kwa mwezi baada ya Alasiri. Kila mmoja aje na mmea wake, uliostawi au unaougua, maana unaougua ndio unaofundisha zaidi. Wawe na daftari moja: mmea ulitoka wapi, uligawanywa lini, ulichanua mwezi gani. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na elimu ya Songea yenyewe. Wakianza kuchangishana fedha, wamwone afisa maendeleo ya jamii ili kikundi kisajiliwe.

Watoto wasiachwe nyuma. Waelezwe habari ya Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye asili ya Kiafrika katika kisiwa cha Réunion. Vanila nayo ni okidi, na ilipopelekwa kisiwani humo haikuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuichavusha hawakuwapo. Mwaka 1841 Edmond, akiwa na umri wa miaka 12, aligundua namna ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Mbinu yake ndiyo inayotumika hadi leo, hata kwa wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda. Yeye mwenyewe alikufa fukara mwaka 1880. Mtoto anayetazama ua kwa makini si mtoto anayepoteza wakati.

Sharti la kwanza la kikundi

Mapenzi ya maua nayo yanaweza kuwa maangamizi. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya waliingiwa na wazimu wa okidi, wakatuma watu katika misitu ya Amerika ya Kusini na Asia. Miti mizima iliangushwa ili maua ya juu yake yachukuliwe, na mengi yalikufa melini. Walikuwa hawajui kuotesha mbegu. Mfaransa Noël Bernard aligundua kazi ya kuvu mwaka 1899, na mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kuwa mbegu huweza kuoteshwa maabara kwa kulishwa sukari. Tangu hapo mpenzi wa okidi hana udhuru wa kupora msitu. Okidi nyingi zinazouzwa katika maduka ya maua zimezaliwa katika chupa.

Kwa hiyo kikundi cha Bombambili kiandike sharti hili katika ukurasa wa kwanza wa daftari: hakuna mwanachama atakayeng'oa okidi mlimani wala kuinunua kwa aliyeing'oa. Milima ya Matogoro iachiwe yake. Mimea ya kikundi itoke kwenye mafungu ya kugawana, kwenye vitalu vinavyootesha vyenyewe, na kwenye matawi yaliyoanguka au kukatwa mashambani mwenu, ambayo vinginevyo yangeishia jikoni au kwenye tanuri la mkaa. Ukiokota tawi la namna hiyo lenye okidi hai, umeokoa roho ya mmea bila kumdhulumu mtu wala msitu.

Ua lililogawanywa hutunzwa na wengi. Nyumba moja likifa, kwa jirani lipo. Hiyo ndiyo faida ya chama, na pesa haiwezi kuinunua.