Unene wa Kazi ya Mezani



Katika toleo hili twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichekea, nalo si la kuchekwa. Ni habari ya mtumishi aliyekuwa akifanya kazi ya miguu na mikono, kisha akapandishwa cheo akapewa meza na kiti. Na kabla ya mwaka wa pili kwisha, mkanda wake haufiki tena tundu lake la zamani. Katika ofisi za Vwawa watu wa namna hii si wachache. Tangu mwaka 2016, Songwe ilipotengwa na Mkoa wa Mbeya na mji wetu ukafanywa makao makuu ya mkoa, ofisi zimeongezeka, na pamoja na ofisi zimeongezeka meza.

Tumfikiri bwana shamba mmoja wa Mbozi, ambaye jina lake hatulitaji. Alipokuwa vijijini, asubuhi nzima alipanda na kushuka mashamba ya kahawa, akiinama kutazama majani yenye kutu, akiruka mifereji, akirudi nyumbani jioni na vumbi magotini. Chakula chake kilikuwa chai yenye sukari nyingi na chapati mbili asubuhi, mlima wa ugali mchana, na mwingine usiku. Wala hakunenepa, maana chakula kile kilikuwa na kazi ya kufanya. Kisha akaletwa ofisini. Sasa anasoma taarifa za mabwana shamba wengine, anapiga mihuri, anatazama kompyuta hata saa tisa na nusu, kisha anapanda bodaboda mpaka mlangoni kwake. Kazi imebadilika, lakini sahani haikubadilika. Chai ni ile ile, chapati ni zile zile, na mlima wa ugali ni ule ule. Kwa miaka mitatu ameongezeka kilo kumi na mbili, na akipanda ngazi ya orofa moja husimama katikati kama mtu aliyesahau kitu.

Wenzake walimwambia nini? Walimpongeza! Walisema, "Bwana mkubwa, cheo kimekukubali." Na alipoanza kujizuia, akapunguza kilo chache, wale wale walinong'ona, "Je, ana nini yule? Mbona amekonda?" Basi akaona aibu, akarudi kwenye sahani yake ya kwanza. Hapo ndipo tunapoona kuwa jambo hili si la mtu mmoja, bali ni letu sote.

Huenda mtu akasema kuwa unene huletwa na baraka ya cheo, wala si na kiti. Yafaa tutazame mambo yaliyochunguzwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Ilionekana kuwa madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta. Tena wakatazama watumishi wa posta, wakaona kuwa waliotembeza barua walikuwa na afadhali kuliko wale wa kazi ya kukaa, na miongoni mwao makarani wenzetu. Mwaka 1956 wakapima hata suruali za kazi walizopewa watu wale wa mabasi, na viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta.

Mwaka huo huo wa 1956 ilitoka habari nyingine kutoka Bengal ya Magharibi, nchini India, ambako Jean Mayer na wenzake walichunguza wanaume 213 wa kiwanda cha juti. Waliona kuwa kuanzia wenye kazi nyepesi mpaka wachukuzi wa mizigo, kadiri kazi ilivyozidi ndivyo chakula kilivyozidi, na miili haikupishana sana. Lakini wale waliokaa tu, makarani na wenye vibanda vya kuuza vitu, hawakula kidogo kama ambavyo mtu angedhani. Walikula zaidi ya wale wa kazi nyepesi, nao ndio waliokuwa wazito. Maana yake ni kwamba miguu ikiacha kazi kabisa, tumbo halipati habari. Linaendelea kudai posho ya safari ambayo haisafiriwi tena.

Sasa msomaji atasema, "Basi dawa ni kutoa jasho." Hapa napo tusikosee hesabu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza vipimo vya Wahadzabe wa hapa Tanzania, walio karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea maili nyingi kutafuta nyama, asali na mizizi. Kila mtu alitazamia kuwa miili yao inateketeza chakula kingi kupita miili ya watu wa Marekani na Ulaya. Walipolinganisha kwa ukubwa wa mwili, waliona kuwa jumla ya siku haikupishana sana. Mwili una akili ya kubana matumizi. Ukiutumia sana hapa, huweka akiba pale. Kwa hiyo mtu anayekimbia nusu saa Jumamosi kisha akajilipa kwa soda mbili na sahani ya chipsi, huyo hajapunguza kitu.

Shauri letu, basi, ni hili: uzito upunguzwe kwanza kwenye sahani, kutembea kuwe kwa ajili ya moyo, nguvu na usingizi, na kwa ajili ya kuuzuia uzito uliokwisha ondoka usirudi. Mambo haya mawili yaende pamoja, lakini moja lisifanywe badala ya jingine.

Sisi ni watu wa hesabu, tuhesabu. Kijiko kidogo cha sukari kina kadiri ya gramu 4. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe, na kunywa vikombe vinne kazini, amekula gramu 48 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni gramu 1,056, yaani zaidi ya kilo nzima ya sukari kila mwezi, aliyoila bila kutafuna na bila kushiba. Ashuke mpaka kijiko kimoja, polepole, juma kwa juma, na ulimi utazoea. Ugali hatumkatazi mtu, maana sisi ni watu wa nchi ya mahindi. Lakini upunguzwe theluthi, na mahali pake pajazwe na mboga za majani na maharage. Kiu ikatwe kwa maji. Anayekaa karibu na ofisi aache bodaboda, naye anayekaa mbali ashuke kabla ya kufika. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma. Hizo ni nusu saa kwa siku tano, nazo milima yetu ya Mbozi yatoa mazoezi hayo bure. Nusu kilo kwa juma yatosha kupungua. Anayewauzia ninyi majani au vidonge vya kuondoa kitambi kwa siku saba anataka kupunguza uzito wa mifuko yenu.

Lakini twaonya jambo moja, nalo lisisahauliwe. Anayepungua kwa kujizuia anajua sababu yake. Anayepungua bila kujizuia, huku ana kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, au kikohozi cha majuma mawili na zaidi, au homa na jasho la usiku, huyo asifurahi wala asijifiche. Aende hospitali apimwe. Kadhalika mwenye kutumia dawa za kisukari au za presha azungumze na daktari kabla ya kubadili ulaji wake, na mama mjamzito asijipunguze kabisa.

Twajua pia kwa nini watu wetu huogopa wembamba. Wazazi wetu waliona njaa, na kwao mwili mnene ulikuwa ushahidi kuwa nyumba ina chakula. Tena katika miaka ya 1980 na 1990 barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia ilituletea biashara, na pamoja na biashara misiba ya UKIMWI; tukajifunza kumtazama mtu aliyekonda na kunyamaza. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Lakini leo imegeuka kuwa mtego, maana inamfanya mtu aliye hatarini kwa unene aone haya kujiponya. Upimaji uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 mpaka 64 uliona kuwa kadiri ya mtu 1 katika kila 4 alikuwa na presha ya juu. Hesabu viti vya chumba chako cha kazi, kisha uone ni vingapi.

Serikali ilikwisha sema. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, aliagiza kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Waraka ulifika, wengi wetu tuliupiga muhuri, tukauweka katika faili. Tusingoje waraka wa pili.

Twapendekeza basi mambo manne kwa wanachama. Kwanza, katika mikutano yetu chai iletwe bila sukari, na sukari iwe katika bakuli lake, kila mtu ajitilie. Tena pawe na maji na papai au ndizi mahali pa soda na maandazi. Pili, Jumamosi ya pili ya mwezi tukutane kwa matembezi, wazee kwa vijana, kila mtu kwa mwendo wake. Tatu, chama kinunue mizani moja na utepe mmoja wa kupimia kiuno, na kila mtu ajipime mwenyewe faraghani. Hesabu yake ni siri yake. Nne, ambalo halina gharama yo yote: tuache kumsifu mtu kwa kitambi, na tuache kumuuliza aliyepungua kama anaumwa mbele za watu. Kama una mashaka naye kweli, mfuate nyumbani kwake kama ndugu.

Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, akiwamo Martin Kayamba, waliungana ili mtumishi apate heshima yake. Heshima ile ilikuwa katika kazi na mwenendo, wala haikupimwa kwa upana wa koti. Hapa kwetu kipo kitu kimoja kinachosifiwa kwa uzito na kwa kukaa bila kusogea, nacho ni Kimondo cha Ndolezi, chenye kadiri ya tani 16. Watu hutoka mbali kuja kukitazama. Sisi hatukuajiriwa kutazamwa.

Yule bwana shamba tuliyemtaja ameanza tena. Safari hii anatembea na wenzake wawili kutoka ofisini kila jioni, na mkewe amebadili kijiko cha sukari nyumbani akaleta kidogo. Akipita karibu nanyi, msimwulize ana nini. Msalimuni, na mwenye nafasi afuatane naye.