KONA YA WALIMU: Hadithi Wanayoitunga Wachezaji

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wanafunzi wanatuuliza kila mara wakiona kompyuta: ile michezo ya intaneti ambayo maelfu ya watu wanacheza kwa pamoja, hadithi yake anaitunga nani?

Wengi wanafikiri ni kampuni tu. Kampuni inabuni nchi, inaweka maadui, halafu mchezaji anafuata njia aliyopangiwa. Ni kweli, michezo mingi iko hivyo. Lakini iko mingine ambayo wachezaji wenyewe ndio wanaleta hadithi, na kazi ya kampuni ni kuwasaidia. Hapo kuna somo kwetu sote.

Tuchukue EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga ulioanza mwaka 2003. Kampuni yake, CCP, ni ya Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Wachezaji wanachimba madini, wanafanya biashara, wanaunda vikundi, wanagombana na kupatana. Kampuni haiwaambii nani awe rafiki na nani awe adui.

Mwezi wa Januari 2014, kundi moja halikulipa ada ya eneo lake kwa wakati. Jambo dogo tu! Wapinzani wakaingia, na mapigano yakadumu masaa 21. Meli 75 za aina kubwa kuliko zote ziliharibika. Hakuna mtu wa kampuni aliyeandika tukio lile. Yeye kampuni alifanya nini? Aliacha mabaki ya meli pale pale kama ukumbusho, ili wanaopita wajue kilichotokea. Tena tangu mwaka 2008 wachezaji wanapiga kura kuchagua baraza la kuwasemea mbele ya watengenezaji.

Tunajua, kwetu neno vita si la mchezo. Basi tutoe mfano mwingine. Star Wars Galaxies nao ulianza 2003. Humo mtu aliweza kuwa fundi nguo, mpishi, daktari, hata mcheza dansi. Wachezaji walijenga miji, wakachagua mameya, wakafanya sherehe. Halafu Novemba 2005 watengenezaji wakageuza mchezo ghafla: kazi zaidi ya 30 zikabaki 9. Mtu aliyejijengea jina kwa miaka miwili akakuta kazi yake haipo tena. Wengi walikasirika, wakaondoka. Baadaye kampuni ilileta msaada mzuri: mchezaji aliweza kupata mapambo na wahusika wa muda, akapanga tukio lake na kualika wenzake. Lakini waliokwenda walikuwa wamekwenda. Mchezo ulifungwa Desemba 2011.

Kumbe kusaidia hadithi ya mtu ni mambo matatu: kumpa nafasi, kumpa vifaa, na kutunza kumbukumbu ya alichofanya. Na ukitaka kubadilisha kitu, umuulize kwanza.

Sasa, wazazi, tuangalie nyuma ya nyumba zetu. Watoto wanajenga mji wa udongo. Mmoja ni mama, mmoja anauza samaki, mmoja ni mlinzi wa lango. Ule ni mchezo wa namna ile ile, bila umeme wala kompyuta. Hapa kambini mambo mengi tunapangiwa: siku ya mgao, mahali pa kujenga, ruhusa ya kutoka. Mtoto katika mji wake wa udongo anaamua mwenyewe. Tusimnyang'anye hiyo.

Kwa hiyo usimwambie, "Acha upuuzi, cheza udaktari." Mpe kopo tupu na kipande cha kitambaa. Ukitaka kufagia pale, mwambie kwanza ahamishe mji wake. Jioni muulize, "Leo mji wenu umefika wapi?" Halafu usikilize kweli. Na kama kila siku anacheza kukimbia na kujificha, usimpige wala usimcheke. Kaa karibu naye. Ukiona hana raha kabisa, halali, hali, njoo tuongee, au umpeleke kwa wahudumu wa afya.

Na ninyi vijana, tumewawekea daftari moja kubwa darasani. Ndani yake mtatunga mji wenu wa pamoja: kila zoni itakuwa na mtaa wake na watu wake, na zoni moja ikiandika jambo, nyingine iliendeleze. Sheria ni moja tu: usimuue mtu wa mwenzako bila kumuuliza! Sisi walimu hatutagusa hadithi. Tutasahihisha herufi, tena mkituomba. Daftari likijaa tutalitunza, wadogo zenu waje walisome.

Kalamu zipo. Karibuni, na mpaka mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea