Zawadi ya Asubuhi



Juzi nilikwenda shambani kwa mzee mmoja. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kupima nafasi za mahindi yake: sentimita 75 kati ya mistari, na sentimita 30 kati ya mashimo.

Mzee alinizuia. "Bwana Shamba, ngoja kidogo. Mwaka jana nilipanda mara mbili. Jua lilikausha yote. Leo mahindi yameota. Kwanza tumshukuru Mungu."

Akamwita mkewe na wajukuu. Wakasimama, wakatazama miche ile midogo, wakacheka. Mimi niliona haya. Nilikuwa nimeona mistari tu. Sikuona furaha.

Ndugu zangu, tusingoje mavuno ndipo tufurahi. Mvua ya kwanza ni zawadi ya Mungu. Mtoto aliyepona homa ni zawadi. Kusoma barua yako mwenyewe, bila kumwomba jirani, ni zawadi pia.

Lakini zawadi hutunzwa. Mzee yule atapalilia kabla ya wiki tatu kupita, magugu yasile chakula cha mahindi.

Tushukuru, kisha tushike jembe.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.