Chama na Luis wameuzwa, Masasi na Newala wanadai hesabu ya mnada

Jwaneng Galaxy wamesharudi zao Botswana na tiketi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kocha Didier Gomes naye ameagana na Simba. Lakini huku Kusini ubishi wa wiki hii haumhusu Gomes, na hao Jwaneng wenyewe wanatajwa kwa kupita tu. Kaa kijiwe chochote cha kahawa pale Masasi, au panda mlima mpaka Newala uingie kibanda umiza, utakuta watu wamerudi nyuma mpaka Agosti 2021. Wanabishania Clatous Chama na Luis Miquissone, waliouzwa mwezi mmoja, mmoja RS Berkane ya Morocco na mwingine Al Ahly ya Misri.

Msimu wa korosho ndiyo umeanza, kwa hiyo watu wapo na maneno yapo. Na huku ukisema chama kimeuza, lazima ufafanue kama unamaanisha TANECU au unamaanisha Msimbazi.

Tuanze na Jumapili ile, Oktoba 24, 2021. Simba ilikuwa imeshinda 2-0 ugenini wiki moja kabla, kwa mabao ya mapema ya Taddeo Lwanga na John Bocco. Kwa Mkapa ikatangulia tena kwa bao la Rally Bwalya kuelekea mapumziko. Jumla 3-0. Kuna watu walishaanza kuondoka kwenye vibanda kuwahi shughuli zao. Kipindi cha pili kimeanza tu, Rudath Wendell anasawazisha. Dakika ya 60 huyohuyo anaongeza la pili. Dakika ya 86 Gape Mohutsiwa anapigilia msumari. Mechi imeisha 1-3, jumla 3-3, bao la ugenini linawapeleka Jwaneng mbele. Na imetokea kwenye uwanja wenye jina la mtoto wa Lupaso, hapahapa Masasi, marehemu Mzee Benjamin Mkapa. Ndiyo maana huku wameichukulia kama msiba wa nyumbani.

Tangu siku hiyo kuna kambi mbili, na zote ni za Simba. Yanga wapo pembeni wanacheka, nitawafikia.

Kambi ya kwanza inasema viongozi wameuza roho ya timu. Hoja yao ni nyepesi kuielewa. Msimu wa 2020/21 Simba ilimaliza ligi na pointi 83 na mabao 78. Chama peke yake alifunga 8 na kutoa pasi za mwisho 15. Yaani katika kila mabao 10 ya Simba, karibu matatu yalipita mguuni kwake, na hapo hujamtaja Luis. Barani Afrika ndiyo usiseme. Februari 23, 2021 Luis ndiye aliyemtungua Al Ahly, bingwa mtetezi, ikaisha 1-0. Aprili 3 AS Vita walipigwa 4-1, Luis akafunga moja na Chama mawili. Simba ikaongoza kundi kwa pointi 13, juu ya Al Ahly.

Halafu tazama baada ya kuuzwa. Simba Day, 0-1 mbele ya TP Mazembe. Ngao ya Jamii, 0-1 mbele ya Yanga, bao la Fiston Mayele. Suluhu na Biashara United kule Musoma. Dodoma Jiji wakafungwa 1-0, Meddie Kagere akiokoa jahazi. Ukijumlisha na mechi mbili za Jwaneng unapata mabao manne katika mechi sita. Timu iliyokuwa inafunga zaidi ya mabao mawili kwa mechi kwenye ligi! Swali la kambi hii ni hilo moja tu wanalolirudia: hizo hela zinacheza namba ngapi?

Luis ana uzito wake wa pekee huku. Mashabiki walimpa jina la Konde Boy, jina la Harmonize, kijana wa Mtwara, na Wamakonde wakampokea kama mjomba aliyevuka Ruvuma kuja kusalimia. Ukisimama ukingoni mwa Newala siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji hiyo hapo chini, na Wamakonde, Wamakua na Wayao wana ndugu pande zote mbili za mto. Kwamba Songo, ilipo timu yake ya zamani, ipo mbali kabisa huko Tete, hilo halimsumbui mtu. Alikuwa wa kwetu. Na huyu ndiye aliyetufunga faulo Agosti 2019 akiwa na UD Songo, bao lililotutoa Ligi ya Mabingwa kwa sheria hiihii ya bao la ugenini. Simba ikamsajili Januari iliyofuata. Ulikuwa usajili wa akili sana.

Kambi ya pili inasema acheni kulia, mchezaji siyo mnazi kwamba unaupanda uukute palepale miaka arobaini. Mchezaji ni korosho: ikifika msimu unapeleka ghalani, ukichelewa inaota ukungu. Al Ahly ndiyo klabu yenye mataji mengi ya Ligi ya Mabingwa kuliko yoyote Afrika. Wakikubishia hodi unamzuiaje kijana? Ukimzuia atacheza kwa kununa, mkataba utakwisha, ataondoka bure. Na mishahara ya Waarabu hatuiwezi, tusidanganyane.

Kambi hii inasahaulika kirahisi baada ya kipigo, lakini ina kitu. Angalia nani walikuwa upande wa wanunuzi. Kocha wa Al Ahly mwaka 2021 alikuwa Pitso Mosimane, aliyekuwa benchi siku Luis anamtungua. Kocha wa Berkane alikuwa Florent Ibenge, ambaye mpaka msimu wa 2020/21 alikuwa AS Vita. Huyo Ibenge ameteswa na Chama mara mbili: hiyo 4-1 ya Aprili, na ile ya Machi 2019 Chama alipofunga dakika za mwisho, ikawa 2-1 na Simba ikaenda robo fainali. Makocha hawa hawakuhitaji video ya wakala. Ukicheza vizuri Afrika unajitangaza sokoni, na Simba yenyewe imekuwa ikijisifu kwamba inataka kuwa klabu kubwa ya bara hili. Mbwana Samatta aliondoka Msimbazi mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, akafika Genk, akafika Aston Villa. Hakuna anayelia leo kwamba aliuzwa.

Sasa mimi nasimama wapi? Kuuza sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni namna ya kuuza.

Chama na Luis walikuwa nusu mbili za kitu kimoja. Chama anapokea mpira katikati ya viungo na mabeki wa mpinzani, anasimama nao, anasubiri, hana haraka kabisa, na anayemsubiri mara nyingi ni Luis anayekimbia nyuma ya beki. Ukimuuza Luis, Chama anatafuta mtu mwingine wa kumpigia. Ukimuuza Chama, Luis anabaki na mbio zake na Kagere na Bocco wanabaki na vichwa vyao, unahangaika lakini unafika. Ukiuza wote mwezi mmoja, umeuza shamba na jembe. Hata mkulima mwenye shida ya ada hamalizi ghala lote mnada wa kwanza.

Pili ni muda. Simba ilichukua ubingwa wa nne mfululizo Julai, ikaifunga Yanga 1-0 fainali ya Kombe la FA kule Kigoma. Agosti ikaenda kambi Morocco. Kambi ndiyo mahali kocha anapanga nani atampa nani mpira, na dili zinakamilika wakati kambi ipo njiani. Pape Ousmane Sakho, Peter Banda na Duncan Nyoni ni wachezaji, sibishi, Sakho hasa nadhani atatupa raha. Ila unawaomba vijana waliokutana juzi wafanye Septemba kazi ambayo Chama na Luis walifikia baada ya mwaka mzima na nusu pamoja.

Hapo naomba kambi ya kwanza nao wanivumilie kidogo. Mabao matatu ya Jwaneng hayakufungwa na Berkane. Chama hakabi. Hajawahi kukaba, na tulikuwa tunamsamehe kwa sababu ya yale mengine. Mei 2021 Simba ilipigwa 4-0 na Kaizer Chiefs kule Johannesburg, na Chama na Luis wote walikuwa mali yetu. Kwa hiyo anayesema wangekuwepo tusingetoka, anasema kitu ambacho Afrika Kusini ilishakijibu. Ninachoweza kusema ni hiki: kuanzia dakika ya 60 mpaka ya 86 Simba ilikuwa bao moja kutoka kwenye kaburi, na ilihitaji mtu mmoja wa kushika mpira, kutafuta faulo, kuupeleka kwenye kona, kuipoza mechi. Hakukuwa na mtu huyo. Kila mpira uliookolewa ulirudi.

Tukirudi kwenye bei, hapa ndipo watu wa Masasi na Newala wananifurahisha, maana wanaijua biashara kuliko wachambuzi wengi wa Dar es Salaam. Huku mkulima anapeleka korosho kwenye AMCOS yake, zinakwenda ghala kuu; mwaka 2021 wanunuzi walikuwa wanaweka barua zao sandukuni, na siku ya mnada barua zilikuwa zinafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe. Bei ilikuwa inasomwa kwa sauti. Wakiikataa, wanaikataa, kama walivyofanya Oktoba 2018 mpaka serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Na hapo wengi wakajifunza somo la pili: bei nzuri ni jambo moja, hela kuingia kwenye akaunti ni jambo lingine. Waliosubiri malipo msimu ule wanakumbuka.

Kwa hiyo mtu wa namna hii humwambii "tumeuza kwa bei nzuri" akaridhika. Atauliza kiasi gani, kinalipwa lini, na kwa awamu ngapi. Na ana haki, kwa sababu Simba ina kovu. Mwaka 2013 Emmanuel Okwi aliuzwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Hela hazikuja, kesi ikaenda mpaka FIFA, na kabla mwaka haujaisha tukamuona Okwi amevaa kijani na njano. Ndiyo maana huku kusini ukisema "dili la Waarabu" kuna mzee atakohoa kwanza.

Zamani ungesema klabu ni ya wanachama, watauliza kwenye mkutano mkuu. Sasa kuna mwekezaji na bodi, na Septemba 2021 Mohammed Dewji aliachia uenyekiti, Salim Abdallah 'Try Again' akashika nafasi. Bodi mpya ilikuwa na nafasi nzuri ya kuwasomea watu barua za mnada. Siyo lazima kila senti. Angalau iseme kiasi gani kimerudi kwenye usajili na kiasi gani kimekwenda kwingine. Mtu anayenunua jezi Masasi, akalipa kiingilio cha kibanda kila wiki, ni mwanahisa kwa namna yake.

Yanga sijawasahau. Wanacheka, na Haji Manara amehamia kwao Agosti hiyohiyo, basi kelele zimeongezeka. Ila na wao walimuuza Tuisila Kisinda mwezi uleule, na walimpeleka Berkane hukohuko. Tofauti ni kwamba walishapata mbadala kabla: Mayele, Khalid Aucho, Djuma Shaban, Yannick Bangala. Hilo ni la kuwapa. Lakini Ligi ya Mabingwa walitoka Septemba kwa Rivers United, wamefungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kwa hiyo mjomba wa Yanga akikucheka pale stendi ya Masasi, mkumbushe Wanigeria taratibu, kisha mlipie kahawa.

Mwishoni mwa Oktoba 2021 benchi lilikuwa chini ya Thierry Hitimana, tunayemjua huku tangu akiwa Namungo pale Ruangwa. Namungo yake haikuwa na Chama wala Luis, na ilikuwa inakaa nyuma kwa nidhamu, inamkera kila mkubwa. Simba isingeweza kucheza hivyo msimu mzima, mashabiki wangemfukuza. Ila kwa wiki zile chache, mpaka dirisha dogo Desemba, kufunga mlango wa nyuma kwanza halikuwa wazo baya.

Simba iliangukia Kombe la Shirikisho, hatua ya mchujo. Berkane nao walikuwa Shirikisho msimu huo. Newala walishapiga hesabu: timu zote mbili zikipita mchujo, zingeweza kukutana kwenye makundi. Ubishi ukawa ni kama Chama akifunga kwa Mkapa atashangilia au atainamisha kichwa.