Kazi ya mikono: Karte 12, watoto 19

Mvua imeshika, manga zimejaa sokoni, na karibuni watoto watakaa nyumbani mchana kutwa. Juma hili tunataka kuwaambia habari ya karte za Noeli tulizotengeneza pamoja na watoto mwaka jana, pamoja na kosa tulilofanya, ili ninyi msilirudie.

Mmoja wetu ana mdogo wake kule Ubelgiji. Huyo alimpa msafiri sanduku dogo la kutengenezea karte. Ndani yake mlikuwa na karte 12 zilizokwisha kukunjwa, bahasha 12, picha za kubandika, utepe na nyota za rangi ya dhahabu. Tulifurahi sana. Tukaita watoto siku ya Jumamosi katika darasa moja. Wakaja 19.

Hatukuwa tumehesabu. Watoto 12 walipata, 7 wakabaki wakitazama. Wawili walilia. Mmoja, msichana mdogo, hakulia. Alikaa tu, mikono yake chini ya meza. Huyo ndiye aliyetuuma zaidi.

Hata waliopata walikuwa na maswali. Picha zilikuwa za theluji na za nyama mwenye pembe kama matawi. “Mwalimu, huyu ni mbuzi?” Tukaeleza kwamba ni nyama wa nchi za baridi kali. “Na huyu mtu mweupe mwenye karoti puani?” Hapo maelezo yetu yalitushinda.

Ndipo tulipokumbuka jambo la mji wetu wenyewe. Mwaka 1946, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Kila mmoja alifuata jicho lake. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari midogo midogo. Bela yeye aliacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Tukawauliza wale 7: “Vidole mnavyo?” Wakajibu kwa sauti moja: “Tunavyo!”

Mama mmoja alileta kartoni tupu za biskuti, mwingine alikwenda kwa fundi wa nguo kuomba vipande vya kikwembe vilivyoanguka chini ya mashine. Makala tulikuwa nayo. Saa moja baadaye, wale 12 waliokuwa na karte za sanduku waliziacha mezani, wakaja kuomba makala nao.

Mkitaka kufanya nyumbani, njia yetu ni hii.

Karte. Chukua karatasi ya kawaida, ile ya A4, uikate katikati upate vipande viwili. Kunja kila kipande katikati. Karatasi moja inatoa karte mbili. Karatasi ikiwa nyepesi, bandika kipande cha kartoni upande wa mbele.

Kole. Ya dukani si lazima. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika vijiko vitano vya maji baridi, kisha weka juu ya moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, hadi iwe nzito na ing’ae. Iache ipoe. Pakaa kidogo tu, maana ikizidi karatasi inajikunja. Fanya ile ya kutosha siku hiyo, kwa kuwa inaoza upesi.

Rangi. Makala yaliyosagwa yanatoa nyeusi. Udongo wa kichuguu, ukichekechwa na kuchanganywa na kole kidogo, unatoa nyekundu nzuri. Mtoto achovye kidole, agonge karatasi: hiyo ni mvua, ni majani, ni manyoya ya kuku. Vipande vya kikwembe vinakuwa nguo za Maria, mlango wa nyumba, au nyota.

Bahasha. Kata mraba wa sentimeta 20. Weka karte katikati kwa mshazari, kunja pembe za kulia na kushoto, kisha ya chini, uzibandike. Ya juu ndiyo kifuniko.

Wakati huu wa mvua kila kitu kina unyevu. Karte ikikauka kidogo, iweke chini ya godoro usiku mmoja, itanyooka.

Yule msichana alimchora mama yake akiwa na beseni la uyoga kichwani, matone ya mvua pande zote. Mama yake ameibandika ukutani hadi leo.

Lakini wamama, mkono ukimaliza, kazi kubwa inabaki ndani. Karte ya kwanza ya Noeli kuuzwa madukani ilichapishwa London mwaka 1843. Aliyeiagiza, Henry Cole, alikuwa na barua nyingi na hakuwa na nafasi ya kuziandika, basi akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha yenye salamu. Karte ilianza kwa mtu aliyekosa wakati. Sisi tunaomba kinyume chake: tukae, tutafute neno lenyewe.

Siku ile tulikuwa na mwenzetu ambaye hakuwa amesema na yaya wake tangu matanga ya baba yao, miaka miwili, kwa sababu ya kiwanja. Karte yake aliimaliza upesi. Kuandika kulimchukua muda kuliko sisi wote. Hakutaja kiwanja, hakuomba msamaha wala hakudai. Aliandika: “Yaya, manga zimeiva. Kuja tukule.” Akamtuma mtoto Katuba.

Siku ya Noeli yaya hakuja. Mwenzetu alituambia kwamba alijuta kuandika. Mwaka mpya ulipoingia, tarehe 2, yaya alisimama mlangoni, karte mkononi, akauliza: “Zingali ziko?” Kiwanja bado wanakizungumza. Lakini sasa wanazungumza.

Basi anzeni juma hili. Kwanza hesabuni watoto, kisha mtafute karatasi. Na kabla ya kukata kitu, kila mama ajiulize ni nani anayengoja neno kutoka kwake. Walio na mtu Kolwezi au mbali zaidi, msingoje tarehe 24. Mpeni msafiri mapema. Juma lijalo tutaandika juu ya kushona mipira ya vitambaa.