Hisa za Safaricom: kwa nini walionunua hawaachi kugombana

Taja hisa za Safaricom mbele ya Wakenya watano waliowahi kuzinunua, iwe kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp, na huenda ukasikia matusi kabla ya hesabu. Mmoja atasema ni mali, mwingine atasema ni wizi. Ajabu ni kwamba kila mmoja anasimulia yaliyompata kweli.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma asilimia 25 ya kampuni hiyo, yaani hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa. Kuna waliokopa benki ili wanunue, wakapata sehemu tu ya walichoomba, kisha wakasubiri kurudishiwa fedha zilizobaki huku riba ya mkopo ikihesabika. Hisa zilipoingia sokoni mwezi Juni, bei ilipita shilingi 7. Mapema mwaka uliofuata, msukosuko wa fedha duniani ukiwa umepamba moto, ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyeuza wakati huo ana uchungu hadi leo.

Aliyevumilia, naye, aliona hisa ile ile ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Kufikia 2023 bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 15. Riba za Marekani zilikuwa zimepanda, wawekezaji wa nje wakawa wanauza na kuondoka, na biashara mpya ya Ethiopia ilikuwa inameza fedha nyingi. Zamu ya kucheka ikahama.

Kwa hiyo aliyenunua kwa 5 na aliyenunua kwa 40 wanazungumzia kampuni moja wakiwa na hali mbili tofauti kabisa. Hilo peke yake lisingeleta matusi. Kinacholeta matusi ni kwamba mtu akishatangaza mbele ya wenzake kuwa amenunua, anakuwa analinda fedha zake na heshima yake kwa pamoja. Kukiri kwamba bei inaweza kushuka ni kukiri hadharani kwamba huenda alikosea. Ni rahisi zaidi kumwita mwenye swali mwoga. Anayetukanwa hunyamaza, na pengine ndiye pekee aliyekuwa amesoma hesabu za kampuni.

Anayeumia zaidi ni yule anayesikiliza kimya, mwenye fedha za mahindi aliyouza juzi, akidhani mwenye sauti kubwa ndiye mwenye ujuzi. Ukiwa katika nafasi hiyo, muulize msemaji kwa adabu: ulinunua lini, kwa bei gani, na ni jambo gani likitokea utauza? Swali la tatu ndilo gumu. Asiyeweza kulijibu, kwa maoni yangu, anashangilia hisa kama mtu anavyoshangilia timu ya mpira. (Anayekuambia ukimbie naye aulizwe; huenda anangoja bei ishuke anunue yeye.)

Mwaka wa fedha wa Safaricom huisha tarehe 31 Machi. Hesabu za mwaka hutangazwa Mei, za nusu mwaka Novemba, na mwenye simu yenye intaneti anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya kampuni. Humo mna faida, madeni, gawio, na biashara ya Ethiopia inavyokwenda.