Tuanze na majani, sumu ije nyuma



Karibu kila mkutano, toka Kiliba mpaka Sange, ninasikia ombi moja: "Agronomu, utuletee sumu ya panya." Ninawaelewa. Mtu anapanda mahindi leo, kesho asubuhi anakuta matundu matupu kwenye mistari. Lakini mimi ninasema: tuanze na majani.

Sababu iko kwenye macho ya panya. Mwaka 2016, watafiti wa Marekani waliweka panya wadogo pamoja na nyenje. Kwenye mwanga, panya aliona mdudu toka mbali, akamkimbilia moja kwa moja. Gizani alimpata kwa shida, mpaka awe karibu kabisa. Kumbe panya hategemei pua na masikio tu. Na macho yale yale, yaliyo pembeni ya kichwa, yanachunga juu pia: kivuli kikimjia toka juu, anakimbia kujificha.

Wengine watauliza: kama anakula wadudu, si anatusaidia? Hapana. Anakula wadudu, ndiyo, lakini anachimbua mbegu na kukata miche. Na jike anabeba mimba siku 23 hivi tu, anazaa watoto mara nyingi zaidi ya kumi.

Majani marefu pembeni ya shamba yanamtolea woga. Anakula akiwa amefunikwa. Ukisafisha metre mbili ao tatu kuzunguka shamba, anajua anaonekana, na bundi anampata vizuri.

Hapa ndipo tunakosa. Tunaua bundi juu tunasema ni ndege wa wachawi. Mimi pia nilimrusha mawe nikiwa mtoto. Leo ninaona nilikuwa ninamfukuza mlinzi asiyeomba mshahara. Na sumu haichagui: kuku, imbwa, hata mtoto anaweza kuiokota, na bundi akila panya mwenye sumu anaweza kufa naye.

Ninajua kulima pembeni ni kazi, na mara nyingi inaangukia wamama. Ndiyo maana isiwe kazi ya mtu mmoja. Tufanye salongo, wanaume na wanawake, kabla ya kupanda. Tena tupande pamoja. Kila mtu akipanda na siku yake, panya anahama toka shamba moja kwenda lingine, chakula hakimwishii.

Ukisafisha peke yako, panya anahamia kwa jirani, halafu anarudi. Msimu huu, tujaribu wote pamoja.